Ngao ya pikapu: itakusaidia kwa ng'ombe wa Ipinda na swala wa Mikumi?

Ukikaa kijiweni Matema jioni, magari yakirudi kutoka Kyela mjini na Ipinda, utaona pikapu za kila namna. Nyingine zimebaki na bampa lake la plastiki kama lilivyotoka kiwandani. Nyingine zimefungwa bomba moja jembamba linalong'aa. Halafu ipo ile moja yenye ngao ya chuma kuanzia chini ya rejeta hadi juu ya taa, utadhani inaenda vitani. Muulize mwenye gari kwa nini ameifunga, jibu ni lilelile: "Ng'ombe, ndugu yangu. Na nikienda Dar, kuna Mikumi."

Jibu lake lina mantiki. Barabara ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema inapita katikati ya mashamba ya mpunga, kokoa na migomba, na jioni ng'ombe, mbuzi na nguruwe wanaitumia barabara hiyohiyo kurudi nyumbani. Anayepeleka mchele Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 900 za kusafiri, na takriban kilomita 50 za safari hiyo ziko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako swala, nyati, twiga na tembo wanavuka lami wanapojisikia. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, barabara kuu ikapita katikati yake, na tangu hapo magari na wanyama wanagombania njia. Mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha utafiti kuhusu wanyama wanaouawa na magari hapo Mikumi, kwa hiyo hili si jambo la jana.

Swali letu leo ni jepesi kuuliza: ukitaka kufunga ngao kwenye pikapu yako, uchague ipi? Kulijibu kunahitaji fizikia kidogo ya kidato cha pili na cha tatu. Usikimbie. Namba ni chache na zote utazifanya kwa kikokotoo cha simu.

Kwanza, mgongano wenyewe una nguvu kiasi gani?

Chukua pikapu ya kilo 1,800 ikiwa na dereva. Iko kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kwa sekunde. Mbele yake katokea ng'ombe wetu wa kienyeji, yule mwenye nundu, tuseme kilo 250.

Nishati mwendo ya gari ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Inatoka kama kilojuli 444. Lakini tulia hapo, maana wengi hukosea kwa kudhani nishati yote hiyo inaishia kwenye bampa. Gari halisimami likigonga ng'ombe. Linaendelea mbele likiwa limembeba. Ukitumia kanuni ya kuhifadhi momenta, gari na ng'ombe kwa pamoja watakuwa na kasi ya kilomita 70 kwa saa hivi. Tofauti ya nishati kabla na baada ya kugongana ndiyo inayobomoa vitu: kilojuli 54.

Kilojuli 54 ni nini? Fikiria gunia la mahindi la kilo 100. Ili lipate nishati hiyo, inabidi ulidondoshe kutoka urefu wa mita 55, juu kuliko jengo la ghorofa 15. Sasa lidondoshe juu ya boneti ya pikapu yako. Ndo hivyo.

Rudia hesabu kwa swala wa kilo 50. Nishati inayobaki kubomoa ni kama kilojuli 12. Gunia lilelile, mita 12 tu. Bado ni pigo, linaweza kuvunja taa, shoo na rejeta, lakini kwa ng'ombe ni zaidi ya mara nne.

Na sasa rudi kwa ng'ombe, ila punguza kasi iwe kilomita 50 kwa saa. Kilojuli 54 zinashuka hadi 21. Umepunguza kasi kwa chini ya nusu, lakini pigo limepungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kasi kwenye fomula imezidishwa kwa yenyewe. Kumbuka namba hii. Hakuna ngao inayouzwa popote duniani itakayokupa punguzo kama hilo bure.

Nguvu inapita wapi?

Nishati ni upande mmoja. Fundi anayechomelea ngao anahitaji kujua kani, yaani chuma kitasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Ng'ombe wetu alikuwa anatembea taratibu, ghafla anasukumwa hadi karibu mita 20 kwa sekunde. Kama hilo linatokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani ya wastani ni takriban nyutoni 49,000. Ni sawa na kuning'iniza mzigo wa tani 5 kwenye ngao. Kwa swala, chini ya masharti hayohayo, ni kama tani 1.

Sasa jiulize: tani 5 hizo, ngao inazipeleka wapi? Kuna majibu mawili tu. Ama imefungwa kwenye chasisi kwa vyuma vipana na bolti za uhakika, au imeshikizwa kwenye mabati ya mbele na bampa la plastiki. Ile ya pili ni pambo. Ikigongwa inarudi nyuma yote, na yenyewe ndiyo inayotoboa rejeta. Yaani umelipa hela ununue mkuki wa kujichoma mwenyewe.

Hapa ndipo ngao nyembamba zinazong'aa zinapoanguka mtihani. Bomba la kipenyo kidogo linapinda haraka. Ukakamavu wa bomba dhidi ya kupinda unategemea kipenyo zaidi kuliko watu wanavyodhani: ukiongeza unene wa chuma mara mbili, ukakamavu unaongezeka takriban mara mbili. Lakini ukiongeza kipenyo mara mbili, unene wa chuma ukibaki uleule, ukakamavu unaongezeka takriban mara nane. Kwa hiyo ukienda kwa fundi ukaonyeshwa bomba zito lakini jembamba, na jingine la wastani lakini pana, usidanganyike na uzito mkononi. Pana linashinda.

Halafu mnyama ana umbo lake

Mpaka hapa tumemfanya mnyama kuwa gunia. Mnyama halisi ana miguu, na miguu ndiyo inayoharibu kila kitu.

Gari dogo likimgonga ng'ombe, bampa linakata miguu chini ya kitovu cha uzito wake. Mwili hausukumwi mbele. Unapinduka, unapanda boneti na kuja kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo dereva ameketi. Pikapu iko juu zaidi, na ng'ombe wa kienyeji si mrefu, kwa hiyo kitovu chake cha uzito kinakaribiana na shoo ya gari. Hapo ngao ndefu ina kazi ya kufanya: inamsukuma mbele badala ya kumnyanyua.

Wasweden wanalijua hili vizuri. Kule kuna elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu kama ngazi. Mwaka 2001 mwanafunzi wa uhandisi wa Stockholm, Magnus Gens, alitengeneza sanamu ya elki kwa vipande vya mpira, akaigongesha magari ili kuona mwili unaangukia wapi. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazokuchekesha kwanza halafu zinakufikirisha. (Wanafunzi wenzangu wa uzamili, tusikate tamaa, miaka 21 si mingi.) Kinachoogopwa kwa elki ni kilekile: miguu inakatwa, kilo mia kadhaa za mwili zinaingia kwa dereva.

Tupitie wanyama wa njia yetu mmoja mmoja.

Mbuzi na mbwa. Wako chini. Wanagongwa na sehemu ya chini ya bampa, na mara nyingi madhara kwa pikapu ni plastiki kuvunjika. Ngao ya juu haiwahusu.

Nguruwe. Mfupi, mzito na mgumu. Anaweza kuingia chini ya gari na kuharibu vitu vya chini, kama sampu ya oili. Kinachosaidia hapa ni bati la kinga chini ya injini.

Ng'ombe. Huyu ndiye mgonjwa halali wa ngao ya chuma iliyofungwa kwenye chasisi.

Swala. Kilo 40 hadi 76 hivi, ngao nzuri inammudu. Tatizo ni kwamba swala akishtuka haendi mbele, anaruka. Anaweza kwenda hewani hadi mita 3 kwenda juu. Swala aliye hewani anapita juu ya ngao yako ya bei mbaya, anatua kwenye kioo.

Twiga. Ngao inagusa miguu tu. Mwili wote uko juu ya paa la gari. Hapa umeshaelewa kinachofuata.

Nyati na tembo. Tembo mzima ana tani kadhaa, mara mbili au zaidi ya pikapu yako. Kwa momenta, wewe ndiye swala.

Kwa hiyo kati ya orodha yote, ngao inafanya kazi ya maana kwa wanyama wawili: ng'ombe, na swala ambaye hajaruka. Si haba, lakini si kila kitu kama tunavyoambiwa gereji.

Ngao ngumu sana nayo ni tatizo

Watu wengi wanasema: basi tuweke chuma kigumu kabisa, kisichopinda hata kidogo. Hapana. Sikiliza hoja ya vyungu.

Umewaona akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu kutoka Ikombe kuja kwenye mnada wa Lyulilo? Chungu kikianguka kwenye mwamba kinapasuka. Kikianguka kutoka urefu uleule kwenye majani makavu kinapona. Nishati ni ileile. Tofauti ni umbali wa kusimama. Majani yanabonyea, chungu kinasimama polepole, kani inakuwa ndogo.

Ndani ya gari, chungu ni wewe. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imetengenezwa ibonyee kwa mpangilio, kama majani yale. Tuseme unagonga mti kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Mbele ya gari ikibonyea sentimita 60, mwili wako unapunguzwa kasi kwa wastani wa mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ngao ngumu ikizuia kubonyea, zikabaki sentimita 30, inakuwa mara 33. Ngao imepona. Chasisi inaweza kuwa imepinda. Na kifua chako kimebeba tofauti.

Kuna pia suala la mifuko ya hewa, zile eabegi. Kuna kihisio kinachopima gari linavyopunguza kasi ghafla, kisha kinaamua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde kama mifuko ifumuke. Kiwanda kilikipima kwa bampa la kiwanda. Ukibadilisha ugumu wa mbele, unabadilisha ujumbe unaokifikia: mifuko inaweza kufumuka kwa kugonga kisiki kidogo, au ikachelewa pale unapoihitaji. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa wa ngao, kama ARB ya Australia iliyoanza mwaka 1975 huko Melbourne kwa sababu ya safari za porini, hutengeneza ngao kwa kila aina ya gari na kuweka vishikio vinavyobonyea kwa kiasi kati ya ngao na chasisi. Ukinunua ngao ya dukani, uliza kama imetengenezwa kwa modeli yako yenye eabegi. "Inaingia" si jibu. Hata kiatu cha namba 9 mguu wa namba 7 unaingia.

Uzito, joto na kutu: mambo ya Kyela hasa

Tuseme umepata ngao kamili ya chuma, kilo 70. Utadhani tairi za mbele zimeongezewa kilo 70. La. Ngao imekaa mbele ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya pembea. Kama iko sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, ekseli ya mbele inaongezewa kilo 89 na ya nyuma inapunguziwa kilo 19. Springi na shokapu za mbele zinazeeka mapema, taa zinaangalia chini, na tairi za nyuma zikiwa hazina mzigo zinateleza kirahisi kwenye tope. Ukiongeza na winchi, hesabu inapanda tena. Alumini ni nyepesi, karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini nayo ina theluthi moja tu ya ukakamavu, hivyo inahitaji kuwa nene na pana zaidi. Na fundi wa kuichomelea vizuri huwezi kumpata kila kona.

Joto nalo. Matema iko kwenye usawa wa ziwa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukielekea Mbeya unapanda hadi Tukuyu na kuendelea, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, mara nyingi ukiwa na mzigo na gia ya chini. Hapo injini inatoa joto jingi wakati kasi ya upepo ni ndogo. Bati la ngao lililoziba mbele ya rejeta, au taa kubwa za ziada zilizopangwa mstari mmoja mbele ya shoo, zinazuia hewa kidogo iliyopo. Kama mshale wa joto ulikuwa unatulia katikati kabla ya ngao na sasa unapanda ukifika milimani, umeshapata jibu lako.

Kutu. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Bahati nzuri Ziwa Nyasa ni maji baridi, hatuna chumvi ya hewani kama wenzetu wa Dar na Tanga. Lakini bomba la ngao ni tupu ndani, na maji yakiingia kupitia kitundu cha kuchomelea yanakaa humo na kulila chuma taratibu, nje rangi inang'aa. Mwambie fundi aache vitundu vidogo vya kutolea maji upande wa chini, na azibe vya juu. Na akikuletea bomba la maji lenye zinki ili kuepuka kutu, akwangue zinki mahali pa kuchomelea kwanza na afanyie kazi sehemu yenye hewa. Moshi wa zinki unaleta homa na baridi kali usiku huo. Mafundi wengi wanaijua homa hiyo, ila wanaiita uchovu.

Je, kuna watu mbele ya ngao yako?

Hapa tuongee kwa umakini, kwa sababu kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko rejeta.

Hesabu unachokutana nacho kati ya Kikusya na Matema siku ya Jumamosi ya mnada. Ng'ombe labda makundi mawili matatu. Watu ni mamia: wanafunzi, akina mama wenye vikapu kichwani, baiskeli za mpunga, bodaboda. Bampa la plastiki na boneti ya bati vinabonyea vikimgusa mtu. Haimaanishi hataumia, lakini kuna majani kidogo chini ya chungu. Bomba la chuma halibonyei. Na kimo chake, sentimita 80 hadi mita moja na zaidi, ni kimo cha kifua na kichwa cha mtoto wa shule ya msingi.

Umoja wa Ulaya uliona tatizo hilo, na mwaka 2005 ukatoa agizo kwamba ngao za mbele zipimwe kwa vifaa vinavyowakilisha mguu wa mtu na kichwa cha mtoto kabla ya kuuzwa. Ngao za chuma kigumu hazifaulu kirahisi vipimo vya namna hiyo, ndiyo sababu nyingi za kule zikawa za plastiki na mabomba yanayobonyea. Ni kinyume na tunachokitafuta sisi kwa ng'ombe, na hakuna fundi atakayekutengenezea ngao inayojua kutofautisha ng'ombe na mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, jiulize gari lako linakaa wapi. Kama linaenda Dar na kurudi kila wiki usiku na mchana, ngao ina hoja. Kama mzunguko wake ni Matema, Ipinda, Kyela, kila siku katikati ya watu, unaongeza hatari kwa majirani ili kupunguza gharama ya taa. Mizani hiyo nakuachia uishike mwenyewe, ila ishike kwa mikono miwili.

Kinga iliyo kwenye mguu wako wa kulia

Usiku, taa za kawaida zilizoshushwa zinakuonyesha vizuri kama mita 40 hadi 60 mbele. Sasa hesabu umbali wa kusimama. Tangu uone kitu hadi mguu ukanyage breki, mtu wa kawaida anatumia kama sekunde moja na nusu. Kwa kilomita 80 kwa saa umeshatembea mita 33 bila kupunguza hata kidogo. Breki kwenye lami kavu zinakula mita nyingine 41. Jumla mita 74. Kwa kilomita 50 kwa saa, jumla ni mita 37.

Umeona? Kwa 80 unaendesha nje ya mwanga wako. Kitu ukikiona, umeshakigonga, kilichobaki ni kasi gani. Kwa 50 unasimama kabla ya kufika. Na kumbuka, mabomba ya ngao yakipita mbele ya taa yanakata mwanga, kwa hiyo ngao mbaya inakuongezea nafasi ya kuihitaji.

Msaada mdogo: ng'ombe, mbuzi na swala wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, ndiyo maana unaona macho yanawaka kwa mbali kabla hujaona mwili. Binadamu hana tabaka hilo, na nguruwe pia hana. Ukiona jozi moja ya macho, punguza, maana wa pili na wa tatu wako nyuma yake. Usipoona macho, usijipe uhakika kwamba hamna kitu. Na vile vifilimbi vidogo vya kubandika kwenye bampa, vinavyosemwa vinafukuza wanyama kwa sauti? Tafiti zilizofanyika nje hazijaonyesha kwamba vinafanya kazi. Hela yake nunua balbu nzuri.

Mikumi kuna mabango ya kasi na ya kutahadharisha, na kuna faini kwa kugonga mnyama, kila mnyama na kiwango chake. Ukigonga, toa taarifa kwa askari wa hifadhi. Usiweke nyama nyuma ya pikapu. Mnyamapori ni mali ya serikali hata akiwa amekufa barabarani, na kukutwa na nyara bila kibali ni kesi kubwa kuliko gharama ya bampa lolote.

Kama bado unataka ngao, muulize fundi haya

1. Inafungwa wapi? Jibu pekee linalokubalika ni kwenye chasisi, pande zote mbili, kwa vyuma vipana na bolti za daraja la juu zenye washa. Mwambie akuonyeshe kwa kidole.

2. Kati ya ngao na rejeta kuna nafasi kiasi gani? Ngao itarudi nyuma kidogo ikigongwa. Upana wa kiganja ni wa kuanzia, zaidi ni bora.

3. Bomba ni la kipenyo gani na unene gani? Chagua pana kuliko zito.

4. Gari lina eabegi? Kama ndiyo, tafuta ngao iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Kama hakuna ya namna hiyo, baki na bampa la kiwanda.

5. Kuna ncha, kona kali au pembe zilizotokeza mbele? Zikatwe na kulainishwa. Hizo hazimzuii ng'ombe, zinamchana mtu.

6. Taa, viashiria na namba za gari vinaonekana vyote? Simama mita 20 mbele usiku uangalie.

7. Baada ya kufunga, taa zimepimwa upya? Uzito umeshusha pua ya gari.

8. Vitundu vya kutolea maji vipo?

Halafu upande mhandisi na panda milima ya Tukuyu mara moja ukiangalia mshale wa joto, kabla hujaiamini kwa safari ndefu.

Kwa mwenye pikapu ya kawaida anayeendesha zaidi mchana ndani ya wilaya, jibu langu ni hili: bampa la kiwanda, taa safi zilizopimwa vizuri, breki zilizokaguliwa, bati la kinga chini ya injini, na kilomita 50 kwa saa giza likiingia. Kwa anayesafirisha mzigo Dar kila mara, ngao ya wastani iliyofungwa kwenye chasisi, yenye kona laini, isiyoziba taa wala rejeta, ina faida. Ile ya kwenda vitani waachie wanaokwenda vitani.

Na yule ng'ombe ana mwenyewe. Kwa Wanyakyusa ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya nyumba. Ngao ikifanya kazi vizuri kabisa, rejeta yako inapona, ng'ombe wa watu anakufa palepale, na mazungumzo marefu na mwenye ng'ombe yanaanza. Breki ikifanya kazi vizuri, kila mtu anaenda kwake kula.

Kama wewe ni fundi au dereva wa njia hii, tuandikie: ngao zinapoharibika, zinapinda wapi kwanza, kwenye bomba au kwenye vishikio? Hesabu zetu zinasema vishikio. Mtaani mnasemaje?